Nani Aliyesema Ajali Haina Kinga?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na kwa wale walioniuliza nimepotelea wapi, jibu ni kwamba nilikuwa nikipigana na fomu. Ndiyo, fomu ya kawaida ya kujaza kwenye tarakilishi, yenye visanduku vinane na kitufe kimoja cha kutuma. Fomu hiyo imenisukuma kusoma historia ambayo sikufundishwa chuoni nilipokuwa nikisomea sayansi ya tarakilishi, na leo nataka kuwagawia kidogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Karakana moja ya vyuma hapa Nairobi (sitaitaja jina) ilinipa mkataba niwaandikie programu ya kurekodi ajali kazini. Awali walikuwa na daftari kubwa jeusi lililokaa ofisini kwa msimamizi. Meneja alinipa orodha ya anachotaka: tarehe, saa, mahali, aina ya jeraha, sababu, siku ambazo mfanyakazi atakosa kazi, hatua iliyochukuliwa, na kisanduku kimoja alichosisitiza kiwe cha lazima: "Jina la aliyefanya kosa." Nilikiwekea kinyota chekundu. Usipokijaza, programu inakataa ripoti yako. Nilijivunia sana kazi ile.

Miezi minne ikapita. Hifadhidata ilikuwa na ripoti tatu tu. Meneja alifurahi, akasema programu imepunguza ajali. Nami, kusema ukweli, nilitaka kuamini hivyo.

Kisha kijana mmoja akakatwa vidole viwili na mashine ya kukata mabati. Nilipoifungua rekodi yake nilikuta, kwenye sababu, "hakuwa makini." Kwenye hatua iliyochukuliwa, "ameonywa." Wiki hiyo nilikuwa karakanani nikirekebisha printa, na mzee mmoja fundi akaja kukaa kando yangu wakati wa chakula cha mchana.

"Kijana," akaniambia, "ile pedali ya mguu ukiigusa kidogo tu inashuka. Kila mtu hapa anajua."

Nikamuuliza, "Sasa mzee, mbona hakuna aliyeandika kwenye programu?"

Akanitazama kwa huruma. "Niandike, halafu kwenye jina la mkosaji nijaze nani? Mimi?"

Sikuwa na jibu. Jioni, nikiwa kwenye matatu, abiria mmoja alikuwa akisimulia habari nyingine kabisa na akamaliza kwa kusema, "Lakini utafanya nini, ajali haina kinga." Methali hii tunaitumia kufariji watu, na kwenye matanga ina kazi yake. Ila nilijiuliza kama ni kweli. Nilianza kusoma jinsi watu wengine, mahali pengine, walivyopunguza vifo na majeraha kazini. Nilichokuta ni kwamba mambo yalianza kubadilika kila mara watu walipoacha kuuliza "nani mzembe?" na kuanza kuuliza "ni nini kiliruhusu jambo hili litokee?" Nitawapa mifano minne.

Vidole vya wafanyakazi wa reli

Katika karne ya 19, mabehewa ya mizigo nchini Marekani yaliunganishwa kwa pete ndefu ya chuma na pini. Mfanyakazi alisimama katikati ya mabehewa mawili, moja likimjia, akaielekeza pete kwa mkono hadi iingie tunduni, kisha akadondosha pini. Akichelewa kuutoa mkono, vidole vimeenda. Akiteleza, ameenda yeye mwenyewe. Jambo hili lilikuwa la kawaida hata mtu aliyekosa vidole alipokuja kutafuta kazi, walijua huyu ana uzoefu.

Kampuni za reli zilikuwa na maelezo yake: kazi ina hatari zake, mfanyakazi alizijua alipoikubali, na aliyeumia hakujichunga. Mara nyingi mahakama zilikubaliana nazo.

Lakini dawa ilikuwepo. Mwaka 1873 Eli Janney alisajili uvumbuzi wa kiungo kinachojifunga chenyewe mabehewa yanapogusana, mfano wa viganja viwili vilivyokunjwa vinavyoshikana. George Westinghouse naye alikuwa amesajili breki ya hewa mwaka 1869, iliyowezesha treni kusimamishwa bila watu kukimbia juu ya paa za mabehewa wakizungusha breki kwa mikono. Tatizo lilikuwa gharama, pamoja na kampuni kutokubaliana ni kiungo gani kitumike. Kiungo hakifai kitu ikiwa behewa la jirani lina cha aina nyingine. (Wenzangu mnaopambana na mafaili yasiyofunguka kwenye programu nyingine mnanielewa.)

Mkulima mmoja wa jimbo la Iowa, Lorenzo Coffin, alimwona mfanyakazi akipoteza vidole mwaka 1874, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Kwa miaka mingi alizunguka akihutubia, akiandika barua na kuwasumbua wakubwa wa reli. Mwaka 1889 Rais Benjamin Harrison aliliambia Bunge kwamba ni aibu kwa taifa mfanyakazi wa kawaida kukabili hatari sawa na ya mwanajeshi vitani. Tarehe 2 Machi 1893 alitia saini sheria iliyolazimisha viungo vya kujifunga na breki za hewa. Kampuni zikapewa muda, na kufikia mwaka 1900 sheria ilikuwa ikitekelezwa. Majeraha ya kuunganisha mabehewa yalishuka sana.

Wafanyakazi wa mwaka 1900 hawakuwa makini kuliko wa mwaka 1890. Ni kwamba mkono haukuhitajika tena kuwa katikati ya mabehewa. Sisi waandishi wa programu tunajua jambo hili kwa njia yetu: ukiona unaandika kwenye mwongozo "tafadhali usibonyeze kitufe hiki," kiondoe kitufe.

Bwana wa bima na hesabu zake

Mwaka 1931 Herbert Heinrich, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima ya Travelers huko Marekani, alichapisha kitabu kuhusu kuzuia ajali viwandani. Alikuwa amepitia maelfu ya rekodi za ajali, na akatoa hesabu ambayo mpaka leo imechorwa kama piramidi kwenye kuta za viwanda vingi: kwa kila ajali moja yenye jeraha kubwa, kuna 29 zenye majeraha madogo, na 300 zisizo na jeraha lolote.

Namba zenyewe zimebishaniwa sana, na sidhani kuna karakana ambayo 300 zake zitatimia sawasawa. Lakini wazo lililo ndani yake lina thamani. Kabla ya vidole kukatwa, kuna siku nyingi ambazo kisu cha mashine kilishuka na mkono ukawa mbali kidogo. Kiswahili kina neno zuri kwa siku hizo: kuponea chupuchupu. Tukiponea chupuchupu tunacheka, tunamshukuru Mungu, tunaendelea na kazi. Heinrich alikuwa akituambia tuandike. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Bahati mbaya, Heinrich alisema pia jambo la pili: kwamba asilimia 88 ya ajali husababishwa na vitendo vya wafanyakazi visivyo salama, na asilimia 10 pekee na hali ya mashine au mahali. Sehemu kubwa ya rekodi alizotumia zilitokana na ripoti za waajiri na wasimamizi. Sasa hebu fikiria. Msimamizi akijaza fomu kuhusu ajali iliyotokea chini yake, ataandika nini kwenye sababu? "Nilijua pedali ni mbovu"? Ataandika "hakuwa makini." Ukikusanya maelfu ya fomu kama hizo utapata takwimu zinazosema wafanyakazi si makini. Sisi tuna msemo wa kazini: ukiingiza takataka kwenye programu, utatoa takataka. Nami nilikuwa nimeijenga mashine hiyo hiyo upya, nikaitia kinyota chekundu.

Mlima mmoja, ndege mbili

Chumba cha rubani ni mahali pa kazi kama karakana, na hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mzee fundi.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA nambari 514 ilikuwa ikielekea kutua katika uwanja wa Dulles, karibu na Washington. Muongozaji wa ndege aliyekuwa chini aliwapa marubani ruhusa ya kuukaribia uwanja. Marubani wakaelewa kwamba wanaweza kushuka hadi futi 1,800. Mbele yao kulikuwa na milima. Muongozaji alidhani kimo ni jukumu la marubani. Marubani walidhani wasingepewa ruhusa kama njia si salama. Ndege iligonga Mount Weather huko Virginia, na watu wote 92 wakafa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba wiki sita kabla yake, ndege ya kampuni ya United ilifanya kosa lile lile, mahali pale pale, ikaponea chupuchupu. Marubani wake waliripoti, na kampuni ikawaonya marubani wake. Onyo hilo halikuwafikia wa TWA.

Mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa kupokea ripoti za usalama wa anga. Waliojenga mfumo huo walikuwa werevu. Mamlaka ya anga ndiyo iliyotoa fedha, lakini ripoti hazikwenda kwake, kwa sababu ndiyo yenye uwezo wa kumnyang'anya rubani leseni. Zilikwenda kwa NASA, ambayo haina la kumfanya rubani. NASA iliondoa majina, kisha mafunzo yakasambazwa kwa kila mtu. Aliyeripoti kosa lake ambalo si la kukusudia, si jinai na halikusababisha ajali, alipata kinga dhidi ya adhabu kwa masharti maalumu. Kosa moja haliachi mke, ndivyo wasemavyo watu wetu. Marubani wakaanza kuandika, na mfumo huo umepokea ripoti nyingi mno tangu wakati huo.

Mzee fundi hakuwa mwoga wala mvivu. Alikuwa rubani asiye na NASA.

Pampu A

Mfano wa nne ndio ulioninyima usingizi, kwa sababu ni wa hifadhidata mbovu.

Piper Alpha ulikuwa mtambo wa mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, kama kilomita 190 kutoka Aberdeen, Uskoti. Ulikuwa na pampu mbili kubwa, A na B, za kusukuma mafuta mepesi yatokanayo na gesi. Mchana wa tarehe 6 Julai 1988, pampu A ilikuwa imesimamishwa. Kulikuwa na vibali viwili vya kazi juu yake: kimoja cha matengenezo ya pampu, kingine cha kuondoa vali yake ya usalama ili ikapimwe. Vali iliondolewa, na mahali pake pakafungwa kifuniko cha chuma. Kazi haikukamilika kabla ya zamu kuisha, hivyo kifuniko kikaachwa usiku ule.

Usiku pampu B ilizima na kukataa kuwaka. Zamu ya usiku ilijua kuhusu matengenezo ya pampu A, ambayo yalikuwa hayajaanza kwa kweli, kwa hiyo waliona wanaweza kuirudisha kazini. Habari ya vali iliyoondolewa haikuwafikia. Vali yenyewe haikuwa kando ya pampu ambapo mtu angeiona. Wakaiwasha. Mafuta yakavuja kwenye kifuniko, na kama saa nne usiku mlipuko wa kwanza ukatokea. Pampu za maji ya kuzimia moto hazikujiwasha, kwa kuwa zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono ili kuwalinda wapiga mbizi waliokuwa wakifanya kazi majini. Mitambo jirani iliendelea kusukuma mafuta kuelekea huko huko kwenye moto. Watu 167 walikufa, wawili kati yao wakiwa waokoaji. Watu 61 waliokoka.

Jaji Cullen aliongoza uchunguzi, na ripoti yake ilitoka mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, yote yakakubaliwa. Nilipoisoma habari hii kama mwandishi wa programu niliona jambo moja: habari iliyohitajika kuokoa watu wale ilikuwa imeandikwa. Ilikuwepo, kwenye karatasi, na ilikuwa na saini. Ila kulikuwa na rekodi mbili za pampu moja, na hakuna kilichoziunganisha mtu alipotaka kuiwasha. Aliyeona moja hakulazimika kuiona ya pili.

Baada ya hapo Uingereza ilibadilisha utaratibu. Kwa kanuni za mwaka 1992, mwenye mtambo hakutakiwa tu kutimiza orodha ya masharti. Alitakiwa kueleza kwa maandishi hatari kubwa za mtambo wake ni zipi na atazidhibiti vipi, na maelezo hayo yakubaliwe na wakaguzi.

Na kwetu je?

Usije ukadhani haya ni mambo ya Wazungu. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na katika wafanyakazi karibu 32,000 walioletwa kutoka India, zaidi ya 2,400 walikufa. Mwulize Mkenya yeyote kuhusu vifo vya reli hiyo, atakutajia simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Simba waliua sehemu ndogo tu. Maradhi ndiyo yaliyoua wengi. Na John Patterson, aliyewaua simba wale, aliandika mwenyewe katika kitabu chake cha 1907 kwamba Waafrika walioliwa hawakuwekewa rekodi rasmi. Hawakuingia daftarini, wakawa hawapo.

Sheria yetu ya viwanda ilianza kutumika mwaka 1951, wakati wa ukoloni, ikiwa ya mtindo wa Kiingereza na inayolenga viwanda. Baadaye ilipanuliwa kugusa sehemu nyingine za kazi, na mwaka 2007 tukapata Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pamoja na ile ya fidia kwa walioumia kazini. Nilipoisoma ya kwanza nilishangaa. Inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Inamtaka mfanyakazi amweleze msimamizi akiona hatari kubwa, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi kwenye hatari hiyo kabla haijarekebishwa. Inakataza mfanyakazi kufutwa au kubaguliwa kwa sababu tu amelalamika kuhusu usalama.

Yaani kinyota changu chekundu kilikuwa kikipingana na nia ya sheria ya nchi yangu, na mimi sikujua kwa sababu sikuuliza. Meneja aliagiza, lakini aliyeandika msimbo ni mimi.

Fomu mpya

Nilirudi kwa meneja nikiwa na fomu nyingine. Kisanduku cha jina la mkosaji nilikiondoa. Badala yake kuna swali: "Ni nini kiliruhusu jambo hili litokee?" Kuna chaguo jipya, "Tumeponea chupuchupu," ambalo halihitaji jeraha lolote. Jina la anayeripoti si lazima. Ripoti zinakwenda kwanza kwa kamati ya usalama. Na kila ripoti inafungwa kwenye nambari ya mashine, ili anayetaka kuiwasha asome kila lililoandikwa juu yake kwenye karatasi inayochapishwa na kutundikwa pale pale kila zamu inapoanza. Hiyo ya mwisho niliichukua Piper Alpha.

Mwezi wa kwanza ripoti zilijaa ukurasa mzima na kuvuka. Meneja alinipigia simu kwa hasira. "Mbona ajali zimezidi? Programu yako ina hitilafu?" Nilimweleza kwamba ajali hazijazidi, ila zimeanza kuonekana. Hakunielewa mara moja. Nikamwomba apange orodha kwa nambari ya mashine. Mashine ya kukata mabati ilikuwa juu kabisa, na karibu kila ripoti yake ilitaja pedali. Akanyamaza kwa muda, akasema atanipigia.

Wiki mbili baadaye pedali ilitengenezwa na kuwekewa kinga: boksi la chuma lililo wazi upande mmoja tu, ili mguu uingie kwa kukusudia. Mafundi waliliunganisha wenyewe kwa vipande vilivyobaki karakanani. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kila nikikumbuka hilo roho inaniuma, kwa sababu asubuhi hiyo ingeweza kuwa yoyote katika ile miezi minne.

Kijana yule amerudi kazini. Yuko stoo sasa, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Rekodi yake ya zamani bado ipo, kwa kuwa niliijenga programu isiruhusu kufuta, na nadhani hilo ni sawa. Nilichofanya ni kuongeza nafasi ya maelezo chini ya rekodi za zamani. Maelezo ya kwanza kuandikwa humo yako chini ya yale maneno "hakuwa makini." Mzee fundi alinitamkia nikamchapia, na alitaka jina lake liwepo: pedali ilikuwa ikishuka yenyewe, na sote tulijua.

Hadi siku nyingine, wasomaji wangu. Jichungeni, na mkiponea chupuchupu, andikeni.